Jora la Zambarau

Mdogo wangu Moelagi alipotangaza kwamba anagombea ubunge, swali la kwanza kuulizwa nyumbani halikuwa la hospitali, wala la barabara, wala la feri. Aliulizwa atavaa nini. Aliyeuliza ni shangazi Fuatino, mdomo umejaa gimbi, na hakungoja hata kumeza.

"Maana mwanangu," alisema, "mikono hiyo ukiiacha wazi kwenye televisheni, watu hawatasikia neno lako hata moja."

Moelagi ni nesi. Amekuwa nesi katika hospitali ya wilaya yetu hapa kisiwani Savai'i tangu mimi, Sinapati, dada yake mkubwa, sijaota mvi. Hospitali ina vitanda, ina mapazia mapya, ina saa kubwa ukutani. Daktari haina. Aliyekuwepo alistaafu, akaletwa mwingine, akakaa mpaka mvua zilipoanza akaondoka, na tangu hapo wizara inasema inalishughulikia. Mwaka jana Siliga, binti wa jirani yetu, mimba yake ya kwanza, alikata roho ndani ya pikapu yangu kwenye foleni ya feri, kichwa chake kiko mapajani mwa Moelagi. Upande wa pili wa maji madaktari walikuwa tele. Moelagi alirudi nyumbani, akalifua gauni lake, akasema anagombea. Alitaka kiti alete daktari, basi. Mtu akikwambia alitaka ukubwa, mwambie aje kwangu nimweleze vizuri.

Aliyekuwa amekalia kiti hicho ni Leiatamanu. Huyo hakuna aliyemuuliza atavaa nini. Alikuwa na shati moja la maua ya manjano, lenye doa la mchuzi pale kifuani, na kikoi chake cha heshima, kile cha mifuko, kilichofungwa chini ya tumbo kwa sababu juu ya tumbo hakikufika. Kwa shati hilo alifungua madaraja, alizika machifu, alipokea mabalozi. Kila bango lake lilikuwa na doa lile. Haikuundwa kamati ya tumbo la Leiatamanu, wala sijawahi kusikia mtu akisema lingependeza zaidi likivishwa rangi iliyokolea.

Sisi tuliunda kamati. Tulikaa sebuleni kwangu, shangazi, wifi, binamu, mke wa mchungaji, na Moelagi mwenyewe katikati amekaa kwenye mkeka akikunja bandeji, maana siku hiyo alikuwa zamu ya jioni. Na juu yetu sote, kwenye kiti, alikaa Davina.

Davina ni mtoto wa binamu yetu, amezaliwa Auckland, na kazi yake huko ni kuwafundisha wakubwa namna ya kuonekana. Watu humlipa kwa hilo. Alikuja kutusaidia bure, na alihakikisha tunakumbuka kwamba ni bure. Alimsimamisha Moelagi mlangoni akampiga picha mbele, ubavuni na nyuma, kama ng'ombe wa maonyesho, kisha akatuonyesha zile picha kwenye simu huku akituelekeza kwa kidole.

"Hapa tuna tatizo," alisema. "Na hapa. Hapa pia, lakini hapa tunaweza kupaficha."

"Mwenye hapo yupo, anakusikia," nikamwambia.

"Shangazi, mimi simtukani mtu. Kamera ndiyo inayotukana. Mimi naizuia tu."

Basi akaanza kuzizuia rangi. Nyeupe haifai, itamfanya uso uwe mweusi. Nyeusi itamzeesha. Nyekundu na samawati tayari ni za vyama, na Moelagi alikuwa mgombea binafsi. Kijani hapana, ukuta wa studio ni wa kijani, atabaki kichwa kinachoelea. Manjano itamfanya aonekane mgonjwa wa ini. Mistari myembamba inacheza kwenye kamera. Maua makubwa yanamla mtu. Mke wa mchungaji, ambaye hajawahi kuvaa ua dogo maishani mwake, alijiangalia kifuani.

"Sasa itabaki rangi gani?" Moelagi akauliza. "Nivae ngozi yangu?"

"Zambarau iliyokolea," Davina akasema. "Mikono ishuke chini ya kiwiko, shingo ikatwe kama ncha ya mkuki ili ionekane ndefu. Juu irefuke ifunike nyonga. Hapo tutapata mwanamke ambaye ni mpole lakini si dhaifu, ana nguvu lakini hatishi."

"Leiatamanu yeye anatakiwa aonekane nani?" nikauliza.

"Leiatamanu ni mwanamume, shangazi."

Alinijibu kama mtu anayemjibu mtoto kwa nini usiku ni giza. Nilitaka kumrushia kikombe, lakini kilikuwa kikombe changu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo tulipoharibu. Nchi hii ukitaka kujua nani yuko na nani huna haja ya kuuliza, angalia puletasi walizovaa, ile blauzi ndefu juu ya sketi, kitambaa kimoja juu na chini. Arusi, msiba, kufungua kanisa, ugomvi wa shamba, kila upande hununua jora lake. Ukiona wanawake ishirini wamevaa maua yale yale, ujue mambo yao yameshakubaliwa. Mimi nilijua mawifi zangu hawanitaki siku niliyofika kwenye msiba wa mama mkwe, nikakuta wote wamevaa majani ya samawati, na mimi peke yangu nimeachiwa nijivalie nilichonacho. Hakuna aliyenitamkia neno baya. Hawakuwa na haja.

Kwa hiyo tulipokwenda dukani kwa Suliana, na Davina akalipata jora alilolitaka, zambarau iliyokolea yenye majani madogo ya mshelisheli ya rangi ya maziwa, mimi nilishaanza kuhesabu vichwa. Kilikuwa kitambaa kizuri, siwezi kudanganya. Ukikiweka shingoni, uso unang'aa. Hata Suliana, ambaye huuza vitambaa kwa uso wa mtu anayeuza misumari, alikishika polepole.

"Tunachukua lote," nikasema. "Kina mama wa kijiji wote watavaa."

"Tunachukua la mtu mmoja," Davina akasema.

Nikamgeukia. "La mtu mmoja? Moelagi ni yatima?"

"Shangazi, akivaa sawa na nyinyi, kamera haitamwona. Ataonekana mmoja wa kundi. Kiongozi anatakiwa ajitokeze. Nyinyi mtakaa nyuma yake mmevaa nyeusi, mmetulia, ili yeye awake."

"Nyeusi? Kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa. Ni mandhari."

Nilimwangalia Moelagi. Alikuwa amechoka, ametoka zamu, macho mekundu. Akasema, "Dada, yeye ndiye anayejua mambo ya kamera. Mimi nataka tu nifike pale niseme. Mpe anachotaka twende nyumbani." Nikanyamaza. Watu wananisema sinyamazi, lakini siku ile nilinyamaza, na bado inaniuma.

"Lililobaki niwawekee?" Suliana akauliza, mkasi mkononi.

"Hapana, asante," Davina akasema.

Basi akakata la mtu mmoja, akalikunja jora, akalirudisha kwenye rafu pale mbele, panapoonekana na kila anayeingia.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya mazoezi. Davina aliweka simu juu ya kopo la biskuti, akamketisha Moelagi mbele yake. Usiegemee mbele, tumbo linakunjika. Usiegemee nyuma, unaonekana mvivu. Usikunje mikono. Usinyooshe kidole, mwanamke akinyoosha kidole watu wanamkumbuka mama yao akiwagombeza. Usisimame mbele ya kamera bila kuambiwa, nyonga. Kidevu juu, si juu sana. Na kila wakati tabasamu.

"Nikifika kwenye habari za Siliga?" Moelagi akauliza.

"Useme ukitabasamu."

"Niseme mtoto wa watu amenifia mapajani, huku natabasamu?"

Davina akafikiri. Namsifu kwa hilo, alifikiri kweli. "Kidogo tu, shangazi," akasema. "Kwa macho."

Moelagi akainuka akaenda kuosha vyombo. Vilikuwa vimeshaoshwa.

Mdahalo ulipangwa Jumatano, baada ya sala ya jioni, kule mji mkuu, Apia, na kura zilikuwa Ijumaa. Televisheni ilisema kila mgombea aje na watu wake, wakae nyuma yake kwenye mabenchi, ili nchi ione. Tulivuka na feri ya mchana. Wanawake wa kijiji chetu, nguo nyeusi tangu shingoni hadi miguuni, tumekaa kwa mistari, na abiria wengine walikuwa wanatupa pole. Mzee mmoja alikuja akatushika mikono wote, akauliza mazishi yako wapi. Shangazi Fuatino akamjibu, "Studio."

Studio yenyewe ni chumba kidogo tu, chenye taa kali na feni iliyozimwa kwa sababu inapiga kelele. Moelagi akaketi mahali pake. Jamani, alipendeza. Ile zambarau ilimkaa, shingo ilikuwa ndefu kama Davina alivyoahidi, uso umetulia, nywele zimefungwa juu. Nilimwangalia nikasema moyoni, basi huenda huyu mtoto wa Auckland anajua kazi yake. Sisi tukajipanga nyuma yake na weusi wetu.

Halafu mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, akaingia Leiatamanu na shati lake la maua ya manjano. Nyuma yake akaingia Penina, mkewe, ambaye ni mwalimu wa kwaya kanisani kwao. Nyuma ya Penina ikaingia kwaya nzima ya kina mama, na kila mmoja wao, mnene kwa mwembamba, alikuwa amevaa zambarau iliyokolea yenye majani madogo ya mshelisheli ya rangi ya maziwa.

Nikaanza kuwahesabu.

"Sinapati," shangazi Fuatino akaninong'oneza, "hicho si kitambaa chetu?"

"Ndicho."

"Kwa nini wao wamevaa Moelagi, na sisi tumevaa msiba?"

Kwaya ikapita mbele yetu. Wakaketi nyuma ya Leiatamanu, benchi zima zambarau, na Moelagi pale katikati ya chumba zambarau hiyo hiyo, ametugeuzia sisi mgongo. Yeyote aliyekuwa nyumbani kwake mbele ya televisheni aliona jambo moja tu, kwamba Moelagi amepatana na Leiatamanu, amekwenda upande wake, na watu wake mwenyewe wamekuja na nguo za matanga. Simu yangu ikaanza kutetemeka mkobani kabla hata mtangazaji hajakaa. Kaka yetu, kutoka nyumbani: Mbona hamkutuambia mmeshasikilizana? Sasa tumpe kura nani?

Nikainuka nikaenda moja kwa moja kwa Penina. Alikuwa anajipepea.

"Penina, hicho kitambaa umekitoa wapi?"

"Dukani kwa Suliana, dada." Sauti tamu, ile ya kufundishia kwaya. "Kwani mlikuwa mnakitaka? Mbona Suliana ameniambia alitaka kuwawekea, mkakataa?"

"Unajua ulichofanya."

"Nimewashonea kina mama sare. Wamependeza, au vipi? Na wewe pole. Amefariki nani?"

Haki ya Mungu, kama zile taa za kamera zisingewaka, sasa hivi ningekuwa nasimulia nikiwa jela. Kijana mmoja akanishika bega akanirudisha kwenye benchi langu. Davina alikuwa amesimama pembeni ya kamera, amejishika mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege hakuwa na rangi ya kupendekeza.

Mtangazaji alikuwa Iosua, kijana wa tai, mwenye kicheko kilichokaa tayari mdomoni. Akaanza na Leiatamanu. Leiatamanu akazungumza habari za barabara. Alisema barabara ni uti wa mgongo, akasema vijana ni uti wa mgongo, akasema na uvuvi. Alipofika kwenye uti wa mgongo mwingine Iosua akamshukuru, akamgeukia Moelagi, akamwangalia nguo, akaiangalia kwaya, akaangalia karatasi yake yenye maswali, akaiweka chini.

"Mama Moelagi," akasema, "watazamaji wanatuandikia kwa wingi sana, na mimi lazima niwaulizie. Tunavyoona mavazi ya jioni hii... mmeshapatana? Umejitoa umwachie mzee?"

Moelagi alikuwa bado hajaelewa. Kwaya iliingia akiwa anarekebishwa kipaza sauti shingoni, na baada ya hapo alikuwa anatazama kamera kama alivyofundishwa, kidevu juu, si juu sana. Sasa akageuza kichwa. Akawaona wote. Nikaona mabega yake yakishuka, na nikajua sasa ameelewa kila kitu, duka, jora, Penina, nyeusi zetu, simu za huko nyumbani. Siku mbili kabla ya kura, na nchi nzima imeshapata jibu kabla hajafungua mdomo.

Davina, pale pembeni, alikuwa anajivuta pembe za mdomo kwa vidole viwili. Tabasamu, tabasamu.

Moelagi hakutabasamu. Akasimama. Bila kuambiwa, na nyonga zake zote. Mwenye kamera akahangaika kumfuata, ikaonekana dari kidogo, ikaonekana mkono wa mtu, kisha ikampata akiwa ameshavuka chumba, amesimama mbele ya benchi la kwaya.

"Iosua, mwanangu, umeuliza vizuri," akasema. "Kitambaa hiki nilikichagua mimi, wiki iliyopita, dukani kwa Suliana, watu wakiona. Nguo hii ni ya kwanza kukatwa kwenye jora. Sikujua kama kuna mwingine anayetaka kuwa na mimi. Leo nimekuja hapa na watu wangu wale pale, naona nyuma ya mzee wamekaa kina mama wa kanisa la pili, wote wamevaa nguo yangu, mbele ya waume zao na mbele ya nchi nzima." Akawainamia kichwa, kama tunavyowainamia wageni wanaoingia na mikeka ya zawadi. "Kina mama, sikutegemea. Ahsanteni. Mimi nimewapokea."

 Wale wa mitambo wakainua vichwa. Maana amesema nini pale? Amesema lile ambalo kila mtu nchini analijua. Anayevaa kitambaa cha mtu ni wa mtu huyo. Penina alilitegemea jambo hilo hilo, ila hakufikiria kwamba linaweza kuendeshwa kutoka upande wa pili.

Penina aliacha kujipepea. Kina mama wa kwaya wakaangaliana, wakaziangalia nguo zao, wakamwangalia Moelagi. Mmoja wao, Fetuao, mwanamke wa makamo mwenye bega la kubebea nazi, akasema kwa sauti ndogo ambayo vipaza sauti walivyoiwekea kwaya viliinasa vizuri tu, "Sisi tuliambiwa ni sare ya safari."

"Sare ni sare," Moelagi akamwambia. "Sasa kwa kuwa mko na mimi nitawauliza. Nani hapa amewahi kumpakia mtu kwenye pikapu, mgonjwa au mjamzito, akaenda kungoja feri kwa sababu pale kwetu hakuna daktari? Asimame."

Fetuao akasimama. Hakuchelewa hata kidogo.

"Keti chini," Penina akasema. Alisema kwa meno, lakini vipaza sauti havijali meno. "Fetuao. Keti."

Nchi nzima ikasikia. Fetuao hakuketi. Wa pili yake akasimama, mwembamba mmoja mwenye miwani, halafu wa nyuma, halafu wakawa wengi, wengine wanasimama nusu, wanamwangalia Penina, wanamalizia kusimama. Wapo waliobaki wamekaa. Lakini waliobaki walikuwa wanaangalia sakafu.

Hapo Leiatamanu akaona lazima aokoe jahazi, na akaliokoa kwa namna anayoijua yeye, kwa kucheka. "Iosua," akasema, tumbo likitikisika, "watu wasichanganyikiwe. Hawa ni wa kwangu. Hicho kitambaa Penina alisikia kwamba yule mama ameshoneshewa, akaenda akanunua lote lililobaki. Ujanja wa siasa tu, unajua wanawake." Akacheka tena, akingoja wenzake wacheke.

Iosua hakucheka. Penina alifumba macho. Kisha likaja tangazo la nyama ya kopo.

Alhamisi yote hapakuwa na habari nyingine. Na ningependa kuwaambieni kwamba watu walizungumzia daktari. Walizungumzia kitambaa. Nani alikinunua kwanza, kwa nini sisi tulivaa nyeusi, je ni halali mtu kuchukua jora la mwenzake, na kama kitaletwa tena dukani. Mwanamume mmoja alipiga simu redioni kusema Moelagi hakupaswa kusimama, haikumpendeza. Mwingine akapiga kusema ilimpendeza. Wakabishana mpaka saa ya habari. Siliga jina lake halikutajwa na mtu. Moelagi alisikiliza hayo akiwa zamu, redio iko dirishani, na alipotoka akaniambia, "Wacha wabishane. Wakishachoka labda watakumbuka niliuliza nini." Mimi nililia, kwa hasira tu.

Huko kijijini kwa Leiatamanu, Penina alipita nyumba kwa nyumba siku hiyo hiyo akizidai zile puletasi. Alizikusanya zote, na Fetuao alimpa ya kwake imefuliwa na kupigwa pasi. Waume waliitwa kikao, wakaambiwa wawatulize wake zao. Kijiji kile hufanya vitu kwa pamoja, na machifu walikata shauri kwamba kura zote za kijiji ni za Leiatamanu, kama kawaida. Kina mama wakaitikia, ndiyo wazee wetu, wakaenda kupika.

Ijumaa tukapiga kura. Jioni redio ikasoma matokeo ya awali, sanduku kwa sanduku, na sisi tumekaa sebuleni kwangu bila chakula kwa sababu hakuna aliyeweza kumeza. Sanduku letu tulilijua. Masanduku ya katikati yakagawanyika, mara Moelagi mara mzee. Likabaki sanduku la mwisho, la kijiji cha Leiatamanu, na shangazi Fuatino akaanza kukunja mkeka wake, maana sanduku lile halijawahi kutoa kura ya mtu mwingine tangu wasomaji wa matokeo wawepo.

Likatoa. Zilikuwa nyingi kuliko kwaya, kwa hiyo hata wasioimba wamo. Moelagi akashinda kwa hizo.

Davina akalia, akampiga picha, akaiweka kwenye ukurasa wake akaandika kwamba zambarau iliyokolea haijawahi kumwangusha. Nasikia sasa wanamwita mpaka visiwa vingine. Moelagi mwenyewe alilala palepale kwenye mkeka, viatu mguuni, na hatukumwamsha.

Mimi si mshirika wa kanisa lile la kina Penina, lakini Jumapili nilikwenda. Sisemi uongo kwamba nilikwenda kuabudu. Nilikwenda kumtazama Penina. Nilikaa benchi la nyuma, nikamwona akipanda mbele ya kwaya yake, akageuka kuwaangalia wanawake wake kabla hajawaanzishia.

Jumapili kwetu hakuna sare ya huyu wala ya yule. Kila mwanamke alikuwa amevaa nyeupe, kofia nyeupe, kola nyeupe, mstari mmoja baada ya mwingine, na nyuso zao zimetulia, kila jicho linamtazama mwalimu kwa heshima. Penina alianza upande wa kulia akapita uso mmoja mmoja mpaka kushoto. Akarudi. Akamtazama Fetuao kwa muda mrefu, kisha wa jirani yake, kisha dada yake mwenyewe wa tumbo moja, ambaye ndiye mwimbaji wake wa kwanza. Watu wakaanza kukohoa. Mikono yake ilikuwa imeinuliwa tayari na haikushuka, na nikaona kwamba hajui ni wepi kati yao, na kwamba hatajua kamwe.

Mwishowe ikabidi awaanzishie. Nao siku ile waliimba vizuri sana.